Kinachomsukuma Mtu Kujikinga Kabla ya Kuugua

Tabia ya kujikinga ni jambo analolifanya mtu akiwa mzima ili asiugue, au akiwa na ugonjwa ambao bado haujamwumiza ili usimfikishe pabaya. Kulala ndani ya chandarua, kunawa mikono kwa sabuni, kumpeleka mtoto kliniki, kutibu maji ya kunywa, kupima presha, kupunguza chumvi, kuvaa kofia ngumu kwenye bodaboda: matendo haya ni mbalimbali, lakini yote yana tatizo moja. Faida yake haionekani. Aliyemeza dawa ya maumivu huona kichwa kikitulia baada ya muda mfupi na hujua pesa yake haikupotea. Mama aliyemlaza mwanawe ndani ya chandarua mwaka mzima hana cha kuonyesha, maana malaria ambayo mtoto hakuipata haina alama. Gharama zote hulipwa leo, kwa shilingi, kwa muda na kwa usumbufu. Malipo yako mbele, na yakifika huja kama jambo ambalo halikutokea.

Kwa sababu hiyo, swali la nini humsukuma mtu kujikinga haliwezi kujibiwa kwa kusema tu kwamba wananchi waelimishwe. Ripoti nyingi za miradi ya afya humalizia kwa kulaumu uelewa mdogo wa jamii, na lawama hiyo ni nyepesi mno. Maarifa yanahitajika, lakini ni mara chache yakamwinua mtu yenyewe. Kinachomwinua ni sababu inayomgusa leo, njia fupi ya kutenda, na kuwaona watu wa hali yake wakitenda vivyo hivyo.

Matendo ya kinga, hata hivyo, hayasukumwi na nguvu moja. Dozi moja ya chanjo ni kazi ya siku moja: aliyeshawishika asubuhi hiyo akafika kituoni, amemaliza. Kupima presha, sukari au dalili za saratani ya mlango wa kizazi hurudiwa baada ya miezi au miaka, kwa hiyo adui wake ni kusahau na kuahirisha. Kunawa mikono na kulala ndani ya chandarua ni mambo ya kila siku, na baada ya majuma ya mwanzo hayaendeshwi tena na uamuzi. Huendeshwa na mazoea. Yako pia matendo ya kuacha: sigara, pombe ya kupindukia, soda ya kila mlo, wapenzi wengi. Haya ndiyo mazito kuliko yote, kwa kuwa kinachoachwa kina raha yake na mara nyingi kina marafiki wake. Kampeni iliyofaulu kwenye chanjo ikihamishiwa kwenye chumvi bila kubadilishwa hushindwa, na wapangaji hubaki wakishangaa.

Imani kuhusu hatari

Katika miaka ya 1950 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilipeleka magari ya eksirei mitaani ili watu wapimwe kifua kikuu bila malipo. Wengi hawakujitokeza. Wanasaikolojia wa idara hiyo, miongoni mwao Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock, walianza kuchunguza tofauti kati ya waliopima na wasiopima. Matokeo ya Hochbaum yaliyotoka mwaka 1958 yalionyesha kwamba kati ya watu walioamini kuwa kifua kikuu kinaweza kuwapata wao wenyewe, na kwamba kukigundua mapema kuna faida, asilimia 82 walikuwa wamepigwa eksirei kwa hiari angalau mara moja. Kati ya wasioamini lolote kati ya hayo mawili, waliopima walikuwa asilimia 21 tu.

Kutokana na kazi hiyo lilizuka fundisho ambalo bado linasomeshwa katika vyuo vya afya. Linasema kwamba mtu hupima mambo kadhaa moyoni kabla ya kujikinga: kama ugonjwa unaweza kumpata yeye, kama ukimpata utamwumiza vya kutosha, kama tendo analoambiwa litamkinga kweli, na kama usumbufu wake unavumilika. Zaidi ya hayo huhitajika kitu cha kumgutua: tangazo la redio, msiba wa jirani, au mhudumu wa afya anayebisha hodi.

Swali la kwanza kati ya hayo linataka uangalifu kuliko linavyopewa kwa kawaida. Utafiti uliofanywa katika pwani ya Tanzania na bonde la Kilombero katika miaka ya 1990 ulikuta kwamba wazazi wengi waliijua malaria vizuri, waliijua kuwa yaletwa na mbu, na hapo hapo waliichukulia degedege kuwa ugonjwa mwingine kabisa, unaohusishwa na mashetani na kutibiwa na mganga. Mzazi huyo alikuwa na mantiki yake. Kama malaria ni homa ya kawaida inayoisha kwa vidonge, na kama kinachoua watoto ni degedege isiyohusiana na mbu, basi chandarua kinamlinda mtoto dhidi ya usumbufu mdogo, nacho kina bei. Kumwambia tena kwamba mbu huleta malaria ni kumwambia anachokijua. Kinachokosekana ni kiungo kimoja tu, kwamba degedege nyingi katika maeneo hayo ni malaria iliyopanda kichwani, na kiungo hicho hakipatikani ila kwa kumsikiliza mzazi kwanza.

Hofu nayo ina mipaka yake. Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake walichapisha jaribio lao kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale kuhusu chanjo ya pepopunda. Wengine walipewa kijitabu chenye picha na maneno ya kutisha, wengine cha maneno ya upole. Waliotishwa walisema wana nia kubwa zaidi ya kuchanjwa, lakini hawakwenda kuchanjwa zaidi ya wenzao. Kilicholeta tofauti ni karatasi iliyokuwa na ramani ya chuo ikionyesha kituo cha afya kilipo, pamoja na ombi kwamba mwanafunzi atazame ratiba yake aone ni saa ngapi atapita hapo. Kati ya waliopewa maelekezo hayo asilimia 28 hivi walikwenda. Kati ya wasiopewa, asilimia 3. Wote walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu ambao karibu wote walikijua kituo hicho kilipo. Hofu isiyoonyeshwa mlango wa kutokea humfanya mtu ageuze uso, na mabango ya vidonda na mafuvu yaliyotapakaa wakati wa miaka ya mwanzo ya ukimwi yaliwafundisha wengi kuogopa wagonjwa kabla ya kuwafundisha kujikinga.

Elimu inapofanya kazi

Haya hayana maana kwamba elimu ni bure. Tanzania yenyewe ina mfano mkubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya watu takriban milioni 2 katika vikundi vya kujisomea, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu zaidi ya milioni 15. Kwa majuma kadhaa kila kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi cha redio, kikasoma kwa sauti sura ya kijitabu kwa ajili ya wasiojua kusoma, kisha kikajadili. Magonjwa yaliyozungumzwa ni yale yaliyokuwa yakiwasumbua: malaria, safura, kichocho, kuhara, kifua kikuu. Baada ya mjadala kikundi kiliamua cha kufanya juma hilo. Vyoo vilichimbwa kwa wingi mno, nyasi zikafyekwa kuzunguka nyumba, madimbwi yakafukiwa.

Ukiangaliwa kwa makini, mfano huu haukuwa wa kutoa habari tu. Redio peke yake ingeweza kutoa habari zote zile. Nguvu ya Mtu ni Afya ilikuwa kwenye kikao: watu wanaojuana, kiongozi wa kikundi anayetoka miongoni mwao, uamuzi uliotamkwa mbele ya majirani, na juma lililofuata la kuulizana nani amechimba na nani bado. Vilikuwapo pia vyombo vya chama na serikali vilivyofika hadi nyumba kumi, na ni haki kusema kwamba si kila shimo lililochimbwa lilitokana na hiari. Hata hivyo wapo waliojifunza pale kwa nini safura humwingia mtu miguuni, na maarifa hayo hayakufukiwa pamoja na mashimo yaliyojaa.

Elimu hufanya kazi pia inapompa mtu habari mahususi anayoweza kuitumia kesho. Magharibi mwa Kenya mtafiti wa uchumi Pascaline Dupas alilinganisha njia mbili za kufundisha wasichana wa shule za msingi kuhusu virusi vya ukimwi. Mafunzo ya kawaida ya mtaala, yaliyosisitiza kujizuia hadi ndoa, hayakupunguza mimba. Katika shule nyingine wanafunzi walionyeshwa kwa muda mfupi takwimu za maambukizi kwa umri, kwamba wanaume watu wazima wameambukizwa kwa kiwango kikubwa kuliko vijana wa rika la wasichana hao. Mimba zilipungua kwa asilimia 28 katika shule hizo, hasa zile za wanaume waliowazidi sana umri. Wasichana hawakuhitaji kuambiwa kwamba ukimwi unaua. Hilo walilisikia tangu utotoni. Walihitaji kujua hatari kubwa iko kwa nani.

Bei, umbali na kazi ya siku

Kinga nyingi hushindwa kwa sababu ndogo ambazo mpangaji aliye ofisini hazioni. Chandarua ni mfano mzuri. Katika chumba kimoja cha kupanga, ambamo mchana ni sebule na usiku ni pa kulala, watoto hutandikiwa mkeka au godoro jembamba sakafuni. Chandarua kinataka misumari minne au kamba nne; mwisho wake unapaswa kuchomekwa chini ya godoro, na mkeka hauna uzito wa kukibana. Kila jioni lazima kifungwe, kila asubuhi kikunjwe ili watu wapite. Mtoto mmoja akiamka usiku kwenda haja, kinga ya wote imefunuka. Juu ya yote kuna joto. Familia inayokitundika kila siku katika hali hiyo inafanya kazi, na inastahili kuulizwa inawezaje, badala ya jirani yake kuulizwa kwa nini ni mzembe.

Bei ndiyo kizuizi kilichochunguzwa zaidi. Huko Kilombero na Ulanga, mradi uliouza vyandarua na dawa ya kuvitibu kwa chapa ya Zuia Mbu kuanzia mwaka 1997 ulionyesha kwamba watu wa vijijini walikuwa tayari kununua kinga, na kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4. Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo nchi nzima: mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani kununua chandarua kwa bei iliyopunguzwa. Mpango huu uliwafikia wengi, lakini walio maskini zaidi na walio mbali na maduka waliachwa nyuma, kwa kuwa ile nyongeza ndogo ilikuwa kubwa kwao na duka lenyewe halikuwapo kijijini. Baadaye vyandarua viligawanywa bure, kwanza kwa watoto wadogo, kisha kwa kila mahali pa kulala.

Wakati huo huo kulikuwa na hoja yenye nguvu kwamba kitu cha bure hudharauliwa, kwamba chandarua cha bure kitafugia kuku au kuvulia dagaa. Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliipima hoja hiyo katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Vyandarua vilitolewa bure katika baadhi ya kliniki na kwa bei mbalimbali katika nyingine. Bei ilipopanda kutoka sifuri hadi shilingi 40 za Kenya, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Waliopewa bure hawakuonekana kuvitumia kidogo kuliko walionunua. Kwa dawa za minyoo huko Busia ilikuwa hivyo hivyo: mchango mdogo ulipowekwa, waliopata tiba walishuka kutoka asilimia 75 hadi chini ya 20. Utafiti wa baadaye wa Dupas uligundua jambo lililowashangaza wengi: waliopata chandarua kwa bei ya chini kabisa walikuwa tayari zaidi kununua kingine baada ya mwaka, maana walikuwa wamekwisha kulala usingizi mzuri ndani ya kile cha kwanza.

Bei si fedha ya dukani pekee. Kwa kibarua, mama lishe au dereva wa bodaboda, asubuhi ya kliniki ni kipato cha siku. Katika wilaya ya Nyando, Kenya, wanaume walioahidiwa vocha ya chakula ya shilingi 700 au 1,200 ikiwa watatahiriwa kama kinga ya virusi vya ukimwi walijitokeza kwa asilimia 6.6 na 9.0 ndani ya miezi miwili, ilhali wasioahidiwa kitu walikuwa asilimia 1.6. Vocha hiyo haikununua mwili wa mtu. Ilifidia siku za kazi zilizopotea, na hata hivyo walio wengi walibaki nyumbani, jambo linaloonyesha kwamba fidia ina kikomo. Huko Udaipur, India, kambi ya chanjo iliyofika kijijini kila mwezi bila kukosa ilipandisha idadi ya watoto waliokamilisha chanjo kutoka asilimia 6 hadi 18. Kilo moja ya dengu kwa kila chanjo na sahani za chuma kwa aliyemaliza ziliipandisha hadi 39. Mama aliyekuwa akiahirisha hadi mwezi ujao alipata sababu ya kwenda mwezi huu. Wanaouita utaratibu huu hongo husahau kwamba serikali hulipa gharama kubwa kuliko dengu pale surua inapozuka.

Umbali nao huhesabiwa kwa hatua. Magharibi mwa Kenya, klorini ya chupa iliyouzwa madukani ilitumiwa na wachache, ingawa karibu kila mtu aliifahamu. Watafiti wakaweka tangi dogo la klorini lenye koki pale pale kisimani, bure, likitoa kipimo kimoja cha kutosha dumu la lita 20. Mchota maji anatia klorini, anakinga maji, anajitwisha. Akifika nyumbani yamekwisha kutibika. Matumizi yalipanda mara nyingi zaidi. Hakuna aliyeongezewa elimu kubwa. Tendo lilisogezwa hadi mahali ambapo mikono yake tayari ilikuwa kwenye dumu, na mbele ya wenzake waliosimama foleni.

Sababu zisizo za kiafya

Mtu anaweza kujikinga bila kufikiria ugonjwa hata kidogo, na huenda hii ndiyo hali ya kawaida. Wengi hulala ndani ya chandarua kwa sababu ya mlio wa mbu sikioni. Wengi hujenga choo kwa sababu binti anaolewa na wakwe watakuja, au kwa sababu ni aibu mgeni kuulizia msalani akaonyeshwa kichaka. Nchini Ghana, Valerie Curtis na wenzake walikuta kwamba akina mama hunawa kwa sabuni pale wanapohisi mikono inanuka au inateleza, au wanapotaka kuonekana nadhifu; kuhara hakukuwa na nafasi kubwa katika uamuzi wao. Tangazo la televisheni lililotengenezwa kutokana na matokeo hayo lilimwonyesha mama akitoka chooni akiwa na doa la rangi mikononi, doa likahamia kwenye chakula cha mwanawe. Neno la vijidudu halikuwa na kazi kubwa hapo, kinyaa kilitosha.

Katika vijiji vya kusini mwa India, kampeni ya SuperAmma, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, ilikwenda mbali zaidi. Ilimwonyesha mama anayemlea mwanawe kwa adabu hadi anakuwa mtu wa heshima, na kunawa kwa sabuni kukawa sehemu ya malezi hayo. Ugonjwa haukutajwa. Baada ya miezi 6 kunawa kwa sabuni katika nyakati muhimu kulifikia asilimia 37 katika vijiji vilivyofikiwa, dhidi ya 6 katika vile vilivyosubiri. Tanzania nayo, kwa kampeni ya Nyumba ni Choo, ilichagua njia ya hadhi: nyumba isiyo na choo bora bado haijawa nyumba. Hoja hiyo inamfikia mwenye nyumba ya bati na sofa ambaye hotuba juu ya kipindupindu haikumfikia.

Furaha haistahili kusahauliwa. Katika mitaa ya Temeke na Mbagala, alfajiri ya Jumapili, klabu za joging hupita barabarani kwa mchakamchaka, fulana za rangi moja, nyimbo za kupokezana, filimbi mbele na mwenye kibendera nyuma akizuia magari. Wanachama hao wanazikana, wanachangiana harusi, wanatembeleana klabu kwa klabu na kupikiana supu. Presha na kisukari hutajwa katika risala za mgeni rasmi. Wanaoamka saa kumi na moja, lakini, wanaamka kwa sababu wenzao wanawasubiri kona.

Macho ya wenzake

Mifano iliyotangulia inaonyesha nguvu nyingine, ambayo ni jirani. Mtu huuliza, mara nyingi bila kujua, watu kama yeye wanafanyaje. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza mwaka 1993, matangazo yake hayakurushwa Dodoma hadi mwaka 1995, hivyo watafiti waliweza kulinganisha. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu, kwa miezi na miaka. Katika maeneo yaliyosikiliza, kujiunga na uzazi wa mpango kuliongezeka na idadi ya wapenzi ikapungua. Kilichosaidia ni kwamba watu walimzungumzia Mkwaju nyumbani, kilabuni na shambani, na kwa kumzungumzia yeye walizungumza mambo yao ambayo wasingeyagusa moja kwa moja.

Nchini Sierra Leone, mtafiti Anne Karing alifanya jaribio ambapo watoto waliopata chanjo walivishwa bangili za rangi, na rangi ikabadilika mtoto alipofika hatua za mwisho za ratiba. Bangili haikuwa na thamani ya fedha, lakini kila mtu kijijini aliona ni mama yupi amekamilisha, na idadi ya waliokamilisha kwa wakati ikaongezeka. Kinga iliyokuwa imefichwa ndani ya kadi ya kliniki ilitoka nje ikaonekana.

Macho ya wenzake yanaweza pia kugeuka kuwa fimbo. Mbinu ya usafi wa mazingira inayoongozwa na jamii, aliyoianzisha Kamal Kar huko Bangladesh karibu na mwaka 2000 na ambayo imeenea Kenya na Tanzania, huwatembeza wanakijiji hadi mahali wanapojisaidia, huwachoresha ramani ya kijiji chini kwa majivu, na kuwaacha wakokotoe wenyewe kinyesi kinachorudi kwenye chakula kwa miguu ya nzi. Kinyaa na aibu vinapowapata wote pamoja, kijiji huamua pamoja na vyoo hujengwa haraka. Aibu hiyo ikielekezwa kwa kaya moja, hasa ya mjane au mzee asiye na nguvu ya kuchimba, huwa ni uonevu. Mwezeshaji mwema huuliza kijiji kitamchimbia nani, kabla hakijauliza nani hajachimba.

Amri na faini ziko upande huo huo. Zinafaa kwa matendo yanayoonekana hadharani, kama kofia ngumu ya bodaboda, na hata hapo dereva huivaa akikaribia askari na kuitundika kwenye usukani akishampita. Kwa matendo ya ndani hazina mkono. Choo kilichochimbwa kwa kumwogopa bwana afya kinaweza kugeuzwa stoo ya kuni.

Mazoea

Tendo la kila siku linahitaji kuhamia kutoka kwenye nia hadi kwenye mazoea. Phillippa Lally na wenzake jijini London waliwafuatilia watu 96 waliojichagulia tabia moja ndogo ya kula, kunywa au kufanya mazoezi na kuifungamanisha na tukio la kila siku, kama baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani wa kati ilichukua siku 66 hadi tendo lianze kujiendesha, lakini tofauti zilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu. Miradi inayofunga hesabu baada ya majuma manane huondoka kabla tabia haijashika mizizi.

Mazoea hushikana na kitu na mahali. Kibuyu chirizi hufanya kazi kwa sababu hiyo. Ni dumu dogo la lita 3 au 5 lililoning'inizwa kwenye mti wa mlalo kando ya choo, lenye tundu karibu na shingo, kamba ikishuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Mguu ukikanyaga, dumu huinama, maji yakachirizika; mkono uliochafuka haugusi dumu. Sabuni hutobolewa na kufungwa kwa kamba kandokando ili kuku asiichukue. Anayetoka chooni hawezi kupita bila kukiona. Udhaifu wake ni mmoja: kinakauka. Palipo na mtoto aliyepewa kazi ya kukijaza kila jioni kinadumu; pasipo na mtu maalumu hubaki kimening'inia bila maji baada ya mwezi.

Kwa matendo ya mara moja kwa miezi kadhaa, mazoea hayapo, kwa hiyo kikumbusho huchukua nafasi yake. Huduma ya ujumbe mfupi ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza Tanzania mwaka 2012, ilimtumia mjamzito ujumbe unaolingana na umri wa mimba yake. Tarehe iliyoandikwa na muuguzi kwenye kadi, ikitamkwa pamoja na saa na njia ya kufika, hufanya kazi ile ile ya ramani ya Yale.

Uaminifu wa mtoa huduma

Msukumo wowote unaweza kuvunjika mlangoni mwa kituo. Aliyekaripiwa kwa kuchelewa, aliyeambiwa dawa zimekwisha baada ya kutembea saa mbili, aliyesikia majibu yake yakitajwa kwa sauti dirishani, hurudi nyumbani na habari ambayo itawafikia wengi kuliko bango lolote. Kinga huumia kuliko tiba hapa, kwa sababu mgonjwa atavumilia matusi ili apone, ilhali mtu mzima hana sababu ya kuvumilia.

Uvumi kuhusu chanjo hukua katika udongo huo. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walitilia shaka kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, na ingawa serikali na Shirika la Afya Duniani walisisitiza kwamba ni salama, shaka ilisafiri haraka. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoingizwa Tanzania mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, ilikutana na maswali ya namna hiyo hiyo: kwa nini wasichana tu, kwa nini umri huu, je, watazaa? Haya ni maswali ya mzazi anayempenda mwanawe. Huzimwa vizuri zaidi na muuguzi wa zahanati anayejulikana, ambaye binti yake mwenyewe amechanjwa, kuliko na tamko la wizara. Kiongozi wa dini aliyeshirikishwa kabla ya kampeni ni mshirika; aliyeitwa baada ya uvumi kuenea ameitwa kuzima moto.

Mambo ya kupanga na kupima

Anayebuni mpango wa kinga anapaswa kuanza na watu wachache wa hali ile ile ambao tayari wanatenda, akachunguza wanavyomudu. Kisha anatafuta hatua inayowakwamisha wengine: bei, umbali, kusahau, joto, aibu, au mume asiyekubali. Kule Zanzibar, katika juhudi za kutokomeza kichocho zilizoanza mwaka 2012, ilionekana wazi kwamba mtoto anayeambiwa asiende mtoni hana pengine pa kufulia wala pa kucheza. Katika baadhi ya shehia jamii ilisaidiwa kujenga sehemu za kufulia na za kukojolea, na walimu wakaandaa michezo isiyohitaji kuingia majini. Dawa zilizogawanywa kwa wote ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya kupungua kwa kichocho, na ni vema kulikiri hilo, kwani kubadili tabia huenda polepole kuliko kidonge. Kidonge, hata hivyo, hakimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi kwenye maji yale yale.

Upimaji nao unahitaji ukali. Mtu akiulizwa kama hunawa mikono baada ya choo, atasema ndiyo, kwa kuwa anajua jibu linalotakiwa. Kwa hakika jibu lake linapima elimu aliyokwisha kuipata. Ndiyo maana tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu humtaka mhojaji aombe kuonyeshwa mahali pa kunawia na atazame kama pana maji na sabuni wakati ule. Kwa chandarua, swali linalofaa ni nani alilala ndani yake usiku wa kuamkia leo, likifuatwa na macho ya kuangalia kama kimetundikwa au bado kiko kwenye mfuko wake. Kwa choo, kijia chenye nyasi zilizokanyagwa na mlango uliochakaa kwa mikono vinasema zaidi ya orodha ya mtendaji wa kijiji. Vipimo hivi havina gharama kubwa, ila vinataka kurudiwa baada ya miezi 6, na tena baada ya mwaka, wakati magari ya mradi yamekwisha kuondoka.